Kukokotoa entropia ya barafu inayoyeyuka ndani ya chupa ya chai

Wengi hufundishwa kwamba entropia ni "vurugu", kisha wakipewa swali la hesabu wanakwama. Vurugu haipimiki kwa kipimajoto. Rudolf Clausius, aliyeipa entropia jina lake mwaka 1865, alianzia kwenye joto: chukua joto linaloingia polepole kwenye kitu, ligawe kwa halijoto ya kitu hicho kwa kelvini (K), yaani selsiasi ukijumlisha 273.15. Unachopata ni ongezeko la entropia, kwa jouli kwa kelvini (J/K).

Tuseme chupa ya chai ina gramu 400 za maji ya 30°C. Tia gramu 100 za barafu ya 0°C, funga kifuniko. Tunahesabu kana kwamba joto halitoki wala haliingii.

Anza na halijoto ya mwisho, T. Gramu moja ya barafu huhitaji jouli 334 ili iyeyuke. Gramu moja ya maji huhitaji jouli 4.18 kupanda digrii moja. Joto linalotoka kwenye maji ndilo linaloingia kwenye barafu:

400 × 4.18 × (30 − T) = 33,400 + 100 × 4.18 × T

T = 8.02°C, yaani 281.17 K.

Sasa entropia, kwa mafungu matatu. Barafu huyeyuka bila halijoto kubadilika, kwa hiyo gawa tu: 33,400 ÷ 273.15 = +122.28. Mafungu mawili yaliyobaki halijoto yake inabadilika njiani, ndiyo maana tunatumia logi asilia, kitufe cha ln:

Maji ya barafu yanapopanda: 418 × ln(281.17 ÷ 273.15) = +12.10
Maji ya mwanzo yanaposhuka: 1,672 × ln(281.17 ÷ 303.15) = −125.85

Jumla ni +8.53 J/K. Joto lililotoka ni lile lile lililoingia, ila lilitoka penye halijoto ya juu likaingia penye halijoto ya chini, na ukigawa kwa namba ndogo jibu huwa kubwa. Kwa barafu kujirudia yenyewe, jumla hiyo ingebidi iwe hasi, na sheria ni kwamba jumla ya entropia haipungui.

Ukitumia selsiasi, barafu itakulazimisha ugawe kwa sifuri. Ukibonyeza log badala ya ln, utapata karibu 73, jibu ambalo halionekani baya na ndiyo hatari yake. Na usikadirie namba mapema: 8.53 ni tofauti ndogo kati ya namba kubwa. Ili kuhakiki fungu la tatu, gawa jouli 36,752 zilizotoka kwa wastani wa halijoto, 292.16 K, utapata 125.8.

Je, 8.53 ina maana gani? Izidishe kwa halijoto ya chumba, 303.15 K: takriban jouli 2,590. Hiyo ndiyo kazi ambayo injini kamilifu ingeweza kuivuna kutoka kwenye tofauti ile ya joto, inayotosha kuinua gunia la kilo 50 zaidi ya mita 5. Imepotea, ingawa nishati yote bado imo chupani.

Sheria hiyo ya entropia kutopungua inahusu jumla ya mfumo uliojitenga, si kila kipande chake. Friza inapogandisha gramu hizo 100 inapunguza entropia ya maji kwa 122.28 J/K, lakini mgongoni lazima itoe angalau jouli 37,070 kwenye chumba cha 30°C. Kati ya hizo 33,400 zimetoka kwenye maji. Zilizobaki, takriban 3,670, ni umeme. Friza halisi hula zaidi ya hapo.