Injini ndogo ya mvuke: mafuta kabla ya kiberiti

Injini yangu ya kwanza, kichwa kidogo cha treni, ilitengenezwa na kampuni ya Roundhouse ya Doncaster, Uingereza, mji uleule ilikoundwa Flying Scotsman, injini maarufu ya treni ya mvuke, mwaka 1923. Inapita kwenye reli zilizoachana milimita 32 huko bustanini, na inachemsha maji kwa gesi ya butane. Marehemu baba, fundi wa injini za mvuke karakana ya Nairobi, hakugusa kitu asubuhi kabla ya kopo la mafuta. Nami naanza hapo.

Tafuta kikopo cha shaba karibu na kibanda cha dereva. Fungua kifuniko, nyonya maji ya safari iliyopita kwa bomba la sindano, kisha jaza mafuta ya silinda za mvuke, yale mazito yanayochuruzika kama asali. Usitie ya gari. Hayashiki kwenye silinda yenye joto na unyevu. Kikopo hakina pampu. Mvuke kidogo huingia, ukapoa, ukawa maji. Maji yanazama, mafuta yanapanda na kusukumwa nje kidogo kidogo, yakifuata mvuke hadi kwenye pistoni. Mara moja nilisahau kujaza. Mpaka leo nausikia ule mlio wa chuma kikisagana.

Sasa maji, yasiyo na chokaa. Jaza boila mpaka juu, halafu toa mililita 30 mvuke upate nafasi. Gesi ijazwe kopo lake likiwa kichwa chini, mbali na moto wowote. Fungua valvu ya gesi kidogo sana, sogeza kiberiti kwenye dohani: moto utaruka ndani, pu! Usiinamie dohani.

Yangu hupumua kwenye valvu ya usalama ikifika paundi 40 kwa inchi ya mraba. Fungua mvuke taratibu, isukume kwa mkono mbele na nyuma hadi iteme maji yote ya silinda, ndipo uiachie. Injini nyingi za Accucraft, kampuni nyingine ya injini ndogo, nazo zinaenda kwa utaratibu huu.

Gesi lazima iishe kabla ya maji, kwa hiyo usiongeze gesi bila kuongeza maji.

Ikiwa bado na uvuguvugu, na presha imeisha kabisa, fungua tena kile kikopo. Ukikuta maji meupe kama tui na mafuta yamepungua, silinda zimepata haki yao.