Malengo ya jikoni ya mwaka mpya: namna ya kuyapanga yasife wiki ya pili, hatua kwa hatua

"Mwaka huu nakula vizuri." "Mwaka huu napika mwenyewe, mambo ya kununua nimeachana nayo." Nafundisha watu kupika na hizi sentensi nazisikia kila mwaka ukianza, na nia wanayo jamani, tena ya kweli kabisa, ila shida ni kwamba sentensi ya hivyo haikuambii ufanye nini saa moja jioni ukiwa umerudi umechoka, njaa inauma, na kwenye friji kuna nyanya mbili na nusu kitunguu. Hiyo saa ndo azimio linapona au linakufa. Kwahiyo mimi huwa sipangi azimio la mwaka, napanga hiyo saa, na ndivyo nitakavyokuelekeza hapa.

Tafuta karatasi, kalamu na kama nusu saa ambayo hakuna mtu anakusumbua.

Hatua ya 1: Andika ulichokula wiki moja nzima

Sio ulichotamani kula, ulichokula. Siku saba, milo yote, hata ile chai na mkate uliokula umesimama. Chora safu tatu: nilikula nini, nani alipika, na kwanini. Halafu usichukue wiki ya sikukuu, hiyo haikuambii kitu, chukua wiki ya kawaida ya kazi au ya shule.

Ile safu ya "kwanini" ndo mali yenyewe. Mtu anakuja ananiambia hali vizuri kabisa, maisha yake yote ya chakula yameharibika, afu tukikaa na karatasi tunakuta siku tano yuko sawa tu, zinazomuangusha ni Jumanne na Alhamisi maana ndo siku anachelewa kurudi na anafika nyumbani hamna kitu kilichoanza kuiva. Sasa huyo hana haja ya kubadilisha maisha, anahitaji kuokoa jioni mbili. Ukishalijua tatizo lako kwa jina la siku na saa, umeshafanya nusu ya kazi.

Hatua ya 2: Toa kila kitu kwenye friji na kabati

Kila kitu, hadi kile kichupa cha nyuma kabisa. Angalia kinachooza, kilichokwisha muda, na kile ulichonunua kwa mbwembwe hukukigusa. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2024 ilisema mwaka 2022 dunia ilitupa chakula tani bilioni 1.05, na asilimia 60 ya hicho kilitoka majumbani, yaani kwenye majiko kama lako na langu. Kama kila wiki unatupa mboga za majani, usiandike azimio la kununua mboga nyingi zaidi. Andika la kupika zile za Jumamosi kabla Jumanne haijaisha.

Hatua ya 3: Chagua lengo moja, mawili yakizidi, na uligeuze liwe kitendo

Hapa ndo watu wananibishia sana, kila mtu anataka matano. Mawili bwana. Mwaka una miezi kumi na miwili, likishakaa la kwanza utaongeza.

Namna ya kuligeuza: lifunge kwenye kitu ambacho tayari unakifanya kila siku. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer ameandika sana kuhusu mipango ya aina hii, ile ya "ikitokea hivi, nafanya vile", na jikoni inafanya kazi vizuri kwa sababu jikoni kila kitu kina zamu yake. Mfano:

"Nipike mwenyewe" inakuwa: Jumatatu nikimaliza kuosha vyombo vya usiku, naloweka maharage ya Jumanne.

"Nile mboga zaidi" inakuwa: nikiingia jikoni jioni, cha kwanza kukatwa na kubandikwa ni mboga. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, na viazi na mihogo haviingii kwenye hiyo hesabu. Wengi mboga tunaifanya mwisho, tumeshachoka, wali umeshaiva, basi inakuwa kijiko kimoja pembeni ya sahani. Ikitangulia inapata nafasi yake.

"Nipunguze chumvi" hili naomba nikae nalo kidogo maana wanaolichagua ni wengi na wanalifanya vibaya. Shirika hilohilo linasema mtu mzima asifike gramu 5 kwa siku, hiyo ni kama kijiko kimoja cha chai kwa siku nzima, na ndani yake kuna chumvi ya mkate, ya soseji, ya vile vidonge vya mchuzi. Mtu anaamua kupunguza, anapika chakula chapwa hakina ladha, familia inanuna, siku ya tatu kopo la chumvi limerudi mezani. Fanya hivi: kabla hujawasha jiko, pima chumvi ya chakula chote uiweke kwenye kibakuli kidogo, afu kopo lirudi kabatini. Unatia kidogokidogo kutoka kwenye kibakuli, unaonja katikati, na mwisho kabisa baada ya kuepua unakamulia limau au siki kidogo. Ule uchachu unaamsha ladha, chakula ambacho ulidhani kinadai chumvi unakuta kilikuwa kinadai limau. Kila wiki punguza kidogo kwenye kibakuli na ulimi utazoea, ila usipunguze nusu kwa mpigo. Na kama ndani kuna mtu ana matatizo ya figo au presha, zile chumvi mbadala zenye potasiamu usizinunue kabla ya kuongea na daktari.

Hatua ya 4: Andaa ile saa ya njaa mapema

Hii ndo hatua ndefu na ndo ninayoipenda, kwa sababu ukiifanya hii hata ukiwa mvivu jioni bado utakula vizuri. Chagua siku moja yenye nafasi, masaa mawili yanatosha, na uandae vitu vitatu tu: kitu cha kuungia, kitu cha kushibisha, na mboga iliyooshwa na kukatwa.

Cha kuungia kwangu ni vitunguu. Chukua kilo moja, katakata vyembamba, weka kwenye sufuria pana yenye mafuta kiasi na chumvi kidogo sana, moto wa wastani. Karibu asilimia 90 ya kitunguu ni maji kwahiyo dakika za mwanzo vinachemka tu kwenye maji yake, mvuke mwingi, sufuria inaloa, hamna rangi yoyote, na hapa ndo watu wanakata tamaa wanaongeza moto. Usiongeze. Sikiliza sauti. Inaanza kama ya kitu kinachochemka, maji yakiisha inabadilika inakuwa kavu, inachakarisha, na harufu nayo inageuka, ule ukali unaochoma macho unaondoka unakuja utamu. Ukishaisikia hiyo sauti usiondoke tena, punguza moto, koroga, kwangua chini kwa mwiko, kikianza kushika tia maji kijiko kimoja na ukwangue tena ile rangi irudi kwenye vitunguu. Dakika 30 mpaka 40 vimekuwa vya kahawia, kilo nzima imebaki kama vikombe viwili. Vipoe, gawa kwenye trei ya barafu, weka friza, vikishaganda hamishia kwenye mfuko. Jioni ya kazi unadondosha vipande viwili kwenye kikaango, ile nusu saa ya kuunga umeshailipa Jumapili.

Cha kushibisha, maharage ni mazuri sana kwa hili kwa sababu yanakaa na yanageuka vyakula vingi. Ila yale mekundu yana sumu yake ya asili, aina ya lektini, ambayo ukiyala hayajaiva sawasawa utatapika na kuharisha vibaya. Loweka masaa 12, mwaga yale maji, weka mapya, na yachemke kwa nguvu, yaani yale mapovu ya kurukaruka, dakika 10 kwa uchache kabisa, mimi huwa naacha nusu saa ndo napunguza moto yaendelee hadi yalainike. Wenye majiko ya umeme yanayopika polepole kwa moto mdogo msiyatumbukize humo moja kwa moja, joto lake linaweza lisifike kwenye mchemko, yachemsheni pembeni kwanza.

Na sasa kuhifadhi, hapa tafadhali uwe makini maana kiporo kinaumiza watu. Chakula kilichoiva kisikae nje zaidi ya masaa mawili. Usifunike sufuria nzima ya moto ukaisukumia kwenye friji, katikati itakaa na joto muda mrefu, gawa kwenye vyombo vifupi vya bapa ndo kinapoa haraka. Friji iwe nyuzi 5 kushuka chini, friza 18 chini ya sifuri. Vingi vinakaa friji siku tatu, nne mwisho, cha zaidi ya hapo peleka friza na uandike tarehe juu ya chombo. Kupasha ni mara moja, na kipashe kitoke moshi hadi katikati, nyuzi 70 au zaidi.

Wali una sheria yake peke yake. Kuna bakteria anaitwa Bacillus cereus, mbegu zake hazifi mchele unapochemka, wali ukikaa nje na uvuguvugu anaamka na anatoa sumu ambayo hata ukipasha haiondoki. Kwahiyo usiseme "nitaupasha vizuri". Uanike kwenye sinia upoe ndani ya saa moja, friji, na uliwe kesho yake.

Hatua ya 5: Kama lengo lako ni kujifunza kupika, chukua chakula kimoja

Usichukue mapishi mapya kila Jumamosi. Chagua chakula kimoja unachokipenda, kipike mara moja kwa wiki kwa wiki nne, na kila mara ubadilishe jambo moja tu: wiki hii moto, wiki ijayo muda, ijayo ukubwa wa vipande. Andika. Ukibadilisha vitu vitatu kwa pamoja kikitoka kizuri hutajua kilichosaidia ni kipi. Kwa mfano ukikaanga nyama, mara ya kwanza ikaange kama ulivyozoea, mara ya pili ifute maji kwa kitambaa safi au karatasi kabla ya kuiweka kikaangoni, hayo tu. Utaona ya kwanza inatoa maji na kuwa ya kijivu, ya pili inashika rangi, kwa sababu nyama yenye maji haiwezi kupanda joto juu ya mchemko mpaka maji yaishe, na ile rangi ya kahawia yenye ladha inataka nyuzi kama 140 na kuendelea. Baada ya hapo utaifuta nyama yoyote bila kuambiwa, samaki utafuta, hata viazi utafuta.

Hatua ya 6: Tarehe ya kujikagua isiwe Januari

Watu wanajihukumu mapema mno. Phillippa Lally na wenzake wa chuo cha University College London walichapisha utafiti 2010, waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wanajijengea tabia ndogondogo za kula, kunywa au mazoezi, wakaona kwa kawaida inachukua kama siku 66 mpaka jambo lijifanye lenyewe bila kujilazimisha, na tofauti ya mtu na mtu ni kubwa, siku 18 hadi 254. Na kuruka siku moja hakukuharibu safari. Ukianza Januari 1, siku ya 66 ni Machi 7. Weka hiyo tarehe kwenye simu sasa hivi, na kabla ya hapo usiseme umeshindwa, wewe weka alama ya vema kila siku uliyofanya. Ikifika Machi 7 rudia ile karatasi ya hatua ya 1, wiki nyingine ya kawaida, na uzilinganishe hizo mbili.

Wanaokaa na wewe waambie mapema lakini, na kila mmoja apewe kazi yake, mmoja aloweke, mmoja akate, hata mtoto anaweza kuosha mboga. Mtu aliyeshika kisu kwenye chakula hakinunii.

Hatua ya 7: Chakula cha siku mbaya

Siku mbaya itakuja, umeme umekatika, umeumwa, umerudi saa nne usiku. Usiiachie bahati. Andika leo chakula kimoja cha dakika 15 kwa vitu visivyoharibika haraka na ambavyo lazima viwepo ndani muda wote: mayai, vipande vyako viwili vya kitunguu kutoka friza, nyanya za kopo, mkate au tambi. Kitunguu kinapashwa, nyanya inamwagwa, ikikauka kidogo unafanya vishimo unapasulia mayai humo, unafunika, umemaliza. Hicho kinahesabika kabisa kama umetimiza lengo, kiwekee alama ya vema kama siku nyingine.

Hiyo orodha ibandike mlangoni kwa friji usawa wa macho, pembeni yake ning'iniza kalamu, na ukitumia yai la mwisho au kopo la mwisho andika palepale kwenye karatasi ya manunuzi kabla hujaondoka jikoni.