Tangi la Samaki wa Bahari: Pima Maji, Usimpime Samaki wa Dukani

Kosa la wafugaji wa samaki wadogo wa bahari ni hili. Mfugaji anamwona samaki wa sentimita 3 ndani ya mfuko wa plastiki, anamnunulia tangi la kumtosha siku hiyo, na lita anazozihesabu ni zile zilizoandikwa kwenye boksi. Hapo amekosea mara mbili kwa mkupuo mmoja: amempima samaki ambaye bado hajakua, kisha amepima maji ambayo hayapo. Miezi michache baadaye samaki wanakufa mmoja mmoja, na lawama inaangukia chumvi, chakula au muuzaji.

Kuchanganya chumvi, kukomaza kichujio na kumzoesha samaki maji mapya sitavigusa hapa, mnavijua. Nataka tushughulike na namba.

Tuanze na maji. Chukua tangi lenye urefu wa sentimita 60, upana 30 na kimo 36. Zidisha, gawanya kwa 1,000, unapata lita 64.8, na boksi limeandikwa 65. Sasa toa unene wa kioo, milimita 6 kila upande na chini. Toa sentimita 4 za juu, maana hakuna anayejaza tangi la samaki hadi ukingoni. Zimebaki lita 53. Mchanga wa kina cha sentimita 3 unachukua nafasi ya lita 3 hivi. Mawe hai (mawe ya baharini yenye bakteria wanaosafisha maji) ya kilo 6 nayo yanachukua karibu lita 3. Samaki wako ana lita 47. Zaidi ya robo ya tangi ulilolipia ni kioo, hewa, mchanga na mawe.

Hizo 47 ndizo ninazoziita maji halisi, na kila namba nitakayotaja kuanzia hapa ni ya maji halisi. Ukija kuniuliza juu ya tangi lako, nitajie hiyo. Ya boksi haina kazi.

Njia ya uhakika kuliko hesabu ni ndoo. Panga mawe, tandaza mchanga, weka vifaa vyote vya ndani, kisha jaza maji ya chumvi kwa ndoo huku ukihesabu. Usiuamini mstari uliochorwa kiwandani. Weka ndoo kwenye mzani, weka mzani kwenye sifuri, jaza mpaka isome kilo 10.25: hizo ndizo lita 10 za maji ya bahari, kwa sababu lita moja ina uzito wa kilo 1.025. Chora mstari wako hapo kwa kalamu isiyofutika. Tangi likijaa, andika jumla ya lita kwenye kipande cha utepe na ukibandike nyuma ya meza ya tangi. Kazi hii inafanyika mara moja tu, siku ya kwanza. Ukiiacha ipite hutairudia, maana hakuna atakayemwaga tangi lenye samaki ili ahesabu ndoo. Kama una tangi la chini la kichujio, maji yake yajumlishe unapohesabu chumvi na maji ya kubadilisha, ila usiyajumlishe unapohesabu nafasi ya samaki. Samaki haogelei kule.

Mnaodhani tofauti ya lita 18 ni ndogo, fikirieni dawa. Ukipima dawa ya lita 65 ukaimwaga kwenye lita 47, umezidisha kwa karibu asilimia 38. Dawa za shaba zinazotibu vimelea vya ngozi zina nafasi finyu sana kati ya kiwango kinachoponya na kinachoua, na zaidi ya theluthi moja inaivuka nafasi hiyo bila shida. (Na dawa ya shaba haiingii kabisa kwenye tangi lenye mawe hai, matumbawe au kamba. Tibu kwenye tangi la pembeni. Nimelisema hili mpaka nimechoka.)

Sasa kwa nini samaki mdogo wa bahari ahitaji maji mengi kuliko mwenzake wa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi? Kwanza ni hewa. Kwenye nyuzi 25, lita moja ya maji baridi hubeba takriban miligramu 8.2 za oksijeni, na ya bahari hubeba karibu 6.7. Pili ni amonia, sumu inayotokana na kinyesi, mabaki ya chakula na mizoga. Maji ya bahari yana pH (kipimo cha uasidi) ya 8.1 hadi 8.4, na kwenye pH ya 8.2 sehemu ya amonia iliyo sumu kali ni zaidi ya mara kumi ya ile inayopatikana kwenye pH ya 7. Kwa hiyo uchafu uleule ambao samaki wa maji baridi angeuvumilia wiki nzima, huyu unamuua. Chukua miligramu 14 za amonia zilizotoka kwa konokono aliyefia nyuma ya jiwe. Kwenye lita 140 inakuwa miligramu 0.1 kwa lita, na una muda wa kugundua. Kwenye lita 28 inakuwa 0.5, na ukiamka asubuhi unakuta wanahema juu juu.

Chumvi nayo haikusamehe. Maji yakipungua kwa mvuke, chumvi inabaki. Lita 28 zenye chumvi ya gramu 35 kwa kilo zikipoteza lita 2, kipimo kinapanda hadi 37.7. Lita 150 zikipoteza lita hizohizo 2 kinafika 35.5 tu. Ni kweli tangi kubwa lina uso mpana na hupoteza maji mengi zaidi kwa siku, lakini ukisahau siku mbili bado una pa kurudi. Mwenye tangi dogo inambidi aongeze maji yasiyo na chumvi kila siku, saa ileile, hadi mstari uleule. Anayeongeza Jumamosi kwa Jumamosi anawapandisha na kuwashusha samaki wake kama lifti.

Nakuja kwenye nusu ya pili ya kosa: kumpima samaki wa dukani.

Kuna kanuni inazunguka inayosema sentimita moja ya samaki kwa lita moja ya maji. Iacheni. Ilitungwa kwa ajili ya samaki wadogo wembamba wa maji baridi, na hata huko ina matatizo. Samaki haongezeki urefu peke yake. Urefu ukiwa mara mbili, upana na unene navyo vinakaribia mara mbili, kwa hiyo mwili unakuwa mzito karibu mara nane. Anakula kwa uzito huo na anachafua kwa uzito huo. Kangaja wa buluu (Paracanthurus hepatus) huuzwa akiwa na sentimita 5, mzuri, mtulivu, anatosha kwenye kiganja. Akifika sentimita 25 amerefuka mara tano na uzito wake umeongezeka takriban mara 125. Wengine wanafika sentimita 30. Huyo anahitaji lita 700 na kioo cha mbele chenye urefu wa sentimita 180. Sijakosea kuandika. Anayekuuzia pamoja na tangi la lita 100 anakuuzia maiti.

Na lile la kwamba samaki hukua kulingana na tangi? Halipo. Anayedumaa amedumazwa na maji mabaya na kubanwa, na maisha yake hufupishwa hivyohivyo.

Basi kabla ya kulipa, uliza jina la kisayansi la samaki, tafuta urefu wake akiwa mzima, halafu tumia huo. Nitataja wale wanaouzwa sana kama samaki wadogo, kwa viwango ninavyovikubali mimi.

Gobi wa njano (Gobiodon okinawae) ndiye mdogo wa kweli. Anaishia sentimita 3.5, na lita 40 zinamtosha yeye na mwenzake. Chini ya lita 40 simshauri mtu yeyote anayeanza, hata kwa huyu. Klauni (Amphiprion ocellaris) wawili nawawekea lita 80. Jike hufika sentimita 8 au 9, na wachache hufika 11. Wote huzaliwa dume na mkubwa hugeuka jike, kwa hiyo nunua wawili wenye ukubwa tofauti, tena wawili tu. Ukiweka watatu kwenye tangi la ukubwa huo, wa tatu atapigwa mpaka afe. Gramma loreto, yule nusu zambarau nusu njano, awe mmoja kwenye lita 100. Kadinali wa Banggai (Pterapogon kauderni) ni wapole wakiwa wadogo, lakini wakikomaa madume hupigana. Jozi moja kwa lita 110, basi. Nemateleotris magnifica, mwenye pezi refu la mgongoni na mkia wa rangi ya moto, ana haja ya lita 80 na kifuniko cha wavu kisicho na upenyo. Anaruka. Usiku mmoja bila kifuniko unatosha.

Kromisi wa kijani (Chromis viridis) ndio wanaowagharimu watu zaidi, kwa sababu ni rahisi na hununuliwa sita kwa pamoja. Kila mmoja hufika sentimita 8 hadi 10 na ni muogeleaji wa kutwa nzima. Kwenye tangi dogo hawaugui. Wanamalizana. Mkubwa anamfukuza aliye dhaifu, kesho anayefuata, hadi anabaki mmoja mnene na mfugaji anasema ni ugonjwa. Sita wanataka lita 250 na kioo cha mbele cha sentimita 120, na hata hapo siwaahidi sita wote.

Dascyllus trimaculatus, yule mweusi mwenye madoa matatu meupe, huuzwa akiwa na sentimita 2 na hufika 14. Ni mkorofi tangu utotoni. Ukimtanguliza kwenye tangi dogo, hakuna mwingine atakayeishi humo.

Samaki mandarini (Synchiropus splendidus) ana kisa chake. Ni mfupi, sentimita 6 hadi 8, mvivu, na kwa nafasi tu lita 60 zingemtosha. Lakini chakula chake ni kopepodi, vijidudu vinavyozaliana kwenye mawe, na anavidonoa mchana kutwa. Tangi dogo anamaliza akiba yake kwa muda mfupi, halafu anakonda mbele ya macho yako huku chakula cha kugandishwa kikipita mbele yake bila kuguswa. Lita 300, mawe hai ya kutosha, na tangi liwe limekaa na maji kwa miezi sita angalau kabla hajaingia. Mwenye tangi la miezi miwili asimguse.

Umbo la tangi nalo lihesabiwe. Tangi la mviringo lililosimama kama nguzo linaweza kuwa na lita 100 na bado likawa baya kuliko la lita 80 lililolala. Uso wake ni mdogo, kwa hiyo oksijeni inaingia kwa shida. Sakafu yake ni ndogo pia, na samaki wengi wa miambani hugawana maeneo kwa sakafu na mapango. Lita zikiwa sawa, chagua refu na pana, achana na lenye kimo. Ukipanga mawe, acha sentimita 5 kati ya jiwe na kioo pande zote ili maji yapite na mkono wa kusafishia upite.

Uzito uangaliwe kabla ya tangi kuingia nyumbani. Tangi la sentimita 120 kwa 50 kwa 50, likiwa na maji, mawe na mchanga, linapita kilo 350. Meza ya televisheni haibebi hizo. Mwite fundi.

Muda wa kuingiza samaki unakwenda na lita. Chini ya lita 100, ingiza samaki mmoja au jozi moja, subiri wiki 4, pima amonia na nitriti (sumu ambayo bakteria huigeuza amonia kuwa). Zote zikiwa sifuri, mwingine aingie. Zisipokuwa sifuri hakuna kuongeza, hata kama punguzo la bei linaisha kesho. Wapole hutangulia, wakorofi mwisho. Kila wiki badilisha asilimia 10 ya maji halisi: kwa tangi letu la lita 47 ni lita 4.7, yenye chumvi na joto vilevile kama yaliyomo.

Mambo yakienda sawa samaki hula mara tu chakula kinapoingia na mapezi yake yako wazi.

Kwa aliyekwisha nunua samaki asiyelitosha tangi: usingoje akue. Mrudishe dukani au mpe mwenye tangi kubwa sasa hivi, akiwa na sentimita 5 bado ana soko. Akifika 15 kila mtu atakukatalia, na kumnasa kutakulazimu utoe mawe yote. Usimwachie baharini hata ukiishi ufukweni, kwa sababu huenda si wa bahari hiyo na huenda amebeba vimelea vya tangi. Kama utalazimika kusubiri wiki mbili tatu, punguza chakula hadi kidogo mara moja kwa siku, badilisha asilimia 15 ya maji kila siku 3, na usiongeze samaki mwingine hata mmoja.