Namna ya kuandaa mashindano ya kirafiki ya theHunter: Call of the Wild na washkaji zako

Kama una washkaji wanne watano wanaocheza theHunter: Call of the Wild, lile gemu la kuwinda wanyama, basi mashindano unaweza kuyaandaa hata wikiendi hii, huhitaji pesa wala kampuni ya kudhamini, unachohitaji ni sheria zilizoandikwa kabla mtu hajafyatua risasi hata moja. Mashindano mengi ya hili gemu yanaharibikia hapo hapo kwenye sheria. Watu wanasema tu "atakayepata mnyama mkubwa ndo mshindi" halafu wanaingia porini, na wiki inayofuata wageni wote wa gemu wamepotea.

Ngoja nieleze kwa nini hiyo sheria ya mnyama mkubwa siipendi kabisa, maana ukishaelewa hapo mengine yote yanakuja yenyewe.

Hili gemu limetoka 2017 na kuna watu wamelicheza tangu mwanzo. Wanyama kwenye mapu yako wanabaki pale pale ukizima na kuwasha tena, sio kwamba wanatengenezwa upya kila siku. Kwa hiyo mtu mwenye uvumilivu anakaa miezi analea kundi lake, anaua huyu anaacha yule, mapu inamletea wapya, anaendelea hivyo mpaka siku anatokea wa Diamond, kiwango cha juu cha nyara, au hata Great One, yule adimu kuliko wote. Huyo mtu ukimwambia mashindano ni ya pembe kubwa atakwenda moja kwa moja kwenye dimbwi analolijua, saa anayoijua, na mnyama yupo anamsubiri. Mshkaji wako aliyenunua gemu mwezi jana atatembea kutwa nzima akipata Bronze, kiwango cha chini, anashukuru Mungu. Hapo hujapima uwindaji, umepima nani ana muda mrefu kwenye gemu. Na kulea kundi ni kazi ya maana sana, naiheshimu, ila ina siku yake.

Cha kupima ni usafi wa uwindaji. Yaani ulimsogelea vipi, ulipiga wapi, ulimfuata mpaka ukampata au ulimwacha anavuja damu ukaenda kutafuta mwingine. Hivyo vitu mgeni anaweza kujifunza ndani ya siku chache na mkongwe anaweza kuzembea, kwa hiyo mpambano unakuwa wa kweli.

Sasa mapu. Chagua kati ya Hirschfelden na Layton Lake, basi. Hizo mbili zinakuja na gemu lenyewe kwa hiyo kila mtu anazo, hizo nyingine nyingi zinauzwa pembeni. Najua wengi wetu tunaipenda Vurhonga Savanna, ile ya 2018 yenye simba na mbogo na ngiri, ukiingia unajiona upo nyumbani kabisa, lakini ukiiweka kwenye mashindano umeshawatoa nje wote wasioinunua na urafiki umeisha hapo. Mimi kwa mashindano ya kwanza napenda Hirschfelden, ile ya Ujerumani, kwa sababu mashamba na misitu vimechanganyika, unaweza ukamwona mnyama kwa mbali lakini kumfikia ni kazi.

Kwenye chumba kimoja cha kucheza pamoja mtandaoni wanaingia watu 8 mwisho. Na jua kwamba mtu wa PlayStation haingii kwenye chumba cha mtu wa PC, kwa hiyo kabla hujatangaza chochote uliza kila mtu anachezea nini. Mkiwa mchanganyiko itabidi mfanye mashindano ya kila mtu kwake, nitayagusa huko chini.

Mwenye chumba awe mtu mwenye intaneti ya uhakika na umeme wa uhakika, sio lazima awe fundi wa gemu. Akidondoka yeye wote mmedondoka, mchezo wa pamoja umeishia hapo. Kama kuna mshkaji ana inveta au ana UPS hata ndogo ya kubeba ruta na konsoli, huyo ndo mwenyeji wenu. Lingine ni kwamba mnawinda wanyama wa kwenye mapu yake yeye, kwa hiyo anajua makundi yanakunywa wapi na yanalala wapi. Suluhisho ni rahisi, mwenyeji hashindani, anakuwa refa. Kama anataka sana kushindana basi mkubaliane mtawinda upande wa mapu ambao hajaufungua. Na mumwombe ruhusa pia, kwa sababu wanyama mtakaoua ni wake, kama ana kundi anatunza kwa ajili ya Great One awaambie mapema eneo gani msiguse na wote muliheshimu.

Saa ya kuanza inataka umakini kuliko watu wanavyofikiri. Grupu zetu zina watu wa Dar, Mombasa, Lubumbashi, Muscat, Berlin, Toronto, wote wanaongea Kiswahili lakini wengine wa nje wameshazoea kusema saa kizungu. Ukiandika "saa 3 usiku" kuna mtu atakuja saa tisa ya usiku mnene. Andika hivi: saa 3 usiku ya Dar na Nairobi (21:00), Muscat saa 4 usiku, Lubumbashi saa 2 usiku. Berlin itakuwa saa 2 usiku kipindi cha joto na saa 1 usiku kipindi cha baridi kwa sababu wenzetu wanarudisha saa nyuma, Toronto nao hivyo hivyo, saa 8 mchana au saa 7 mchana. Jumamosi muda huo karibu kila mtu yuko macho. Halafu waambie watu washushe apdeti za gemu Ijumaa, maana mwenye bando la kupima akianza kushusha dakika kumi kabla ya mechi hafiki.

Muda wa mechi uwe saa moja na nusu. Chini ya hapo watu wanakimbia kimbia na kufyatua ovyo, zaidi ya hapo wenye watoto na wenye kazi asubuhi wanachomoka.

Pointi mimi nazihesabu hivi. Kila mnyama uliyempata na kumkusanya ni pointi 10. Ukimwangusha kwa risasi moja unaongezewa 5. Ukipiga moyo au mapafu yote mawili unaongezewa 5 nyingine. Mnyama uliyempiga ukashindwa kumpata unakatwa 10. Na ukitumia risasi isiyoendana na daraja la mnyama, huyo mnyama hahesabiwi kabisa. Gemu lenyewe limeshapanga wanyama kuanzia daraja la 1, akina sungura, mpaka la 9 kama bison wa Ulaya, na kila risasi dukani imeandikwa inafaa daraja lipi mpaka lipi, kwa hiyo hapo hamna ubishi, fungua usome.

Chukua mfano. Jamaa wa kwanza kapiga wanyama watano, watatu kawapata wote safi, risasi moja moja za mapafu, hiyo ni 60. Wawili kawajeruhi kawaacha, anakatwa 20, anabaki na 40. Wa pili kapiga watatu tu. Wawili safi kabisa, 40, wa tatu kampiga ini akamalizia na risasi ya pili, hapo anachukua 10 tupu. Jumla 50, na huyu ndo mshindi. Ukiwaonyesha watu huu mfano mapema utaona usiku wa mechi porini kumetulia, hakuna anayemimina risasi kwenye kundi linalokimbia.

Ile ya kukata 10 watu watailalamikia, usiitoe. Ndo roho ya mashindano yote haya.

Kwa wageni, kabla ya siku yenyewe wakae na mkongwe hata nusu saa wafundishwe kufuata. Tuseme umempiga Roe Deer, kulungu mdogo wa Ulaya, amesimama ubavu, umelenga nyuma kidogo ya mguu wa mbele, juu kidogo ya kiwiko, karuka kakimbilia msituni. Usimkimbilie. Weka alama pale alipokuwa amesimama, nenda taratibu, tafuta damu ya kwanza na uikague, itakuonyesha damu inatoka kwa kasi gani. Kama inatoka kwa kasi ni suala la muda tu, mfuate nyayo kwa nyayo utamkuta amelala. Kama inatoka kidogo kidogo subiri, ukimfukuza ataenda mbali na anaweza kukupotezea nusu ya mechi. Na kama mnyama amekaa mshazari anakupa mgongo, lenga risasi itokee kwenye mguu wa mbele wa upande wa pili, ukilenga nyuma ya mguu wa karibu kama ulivyozoea risasi itapita mbele na utakosa mapafu yote mawili. Mgeni akishika haya tu anaingia kwenye mechi akiwa mtu kamili.

Vitu vya kukubaliana kuhusu silaha: bunduki ya .243, ile ya kuanzia gemu, kila mtu anayo, kwa hiyo unaweza kufanya mechi nzima ya .243 tupu na wanyama mkachagua wale wa daraja lake. Hii ndo naipenda zaidi kwa mara ya kwanza kwa sababu mkoba wa mtu haupigi risasi badala yake. Pikipiki za magurudumu manne hapana, wengine hawana na kelele zake zinatawanya wanyama wa kila mtu.

Halafu gaweni maeneo. Watu saba wakianzia kituo kimoja ni fujo, mlio wa bunduki ya mwenzako unakukimbizia mnyama uliyemnyemelea dakika kumi umelala kifudifudi upepo ukikupiga usoni vizuri kabisa, na hasira za hivyo ndo zinavunja grupu. Kila mtu au kila jozi wapewe kona yao, kwa kura, refa azungushe. Anayemfuata mnyama aliyejeruhiwa anaruhusiwa kuvuka mpaka ila atangaze kwenye sauti ya grupu, "navuka kwa huyo wa kaskazini, namfuata nguruwe pori", na akiwa huko hampigi mwingine yeyote.

Kucheza jozi jozi ni kuzuri sana kama mna wakongwe na wageni wengi, mkongwe mmoja mgeni mmoja, na sheria iwe kila mtu lazima achangie angalau mnyama mmoja ndo pointi za jozi zihesabike. Utashangaa wakongwe wanavyogeuka walimu. Wanaanza kunong'ona upepo uko wapi, subiri ageuke, vuta pumzi.

Ushahidi ni skrinishoti ya ile kurasa inayokuja ukikusanya mnyama, inaonyesha umbali, silaha na risasi ilipita wapi mwilini. Piga kabla hujakubali, usije ukaikosa. Itume kwa refa hapo hapo au baada ya mechi, ila mpange moja. Kwa wale waliojeruhiwa hakuna skrinishoti, hapo ni kutangaza kila mlio wa bunduki kwenye sauti, "nimepiga", na refa anaandika. Mwisho wa mechi milio inalinganishwa na wanyama. Mtu akikosa kabisa bila kugusa, hakuna adhabu, aseme tu.

Umeme ukikatika kwa mtu katikati, pointi zake zinabaki pale zilipo na akirudi ndani ya dakika 15 anaendelea. Ukikatika kwa mwenyeji, kama zaidi ya nusu ya muda imeshapita matokeo yanahesabiwa, kama bado mnarudia siku nyingine. Andika hili mapema jamani, likitokea bila kuandikwa kila mtu ana maoni kulingana na pointi alizonazo.

Mkiwa mna konsoli tofauti na PC, fanyeni ya wiki nzima kila mtu kwenye mapu yake. Sheria ile ile ya pointi, lakini idadi ya wanyama iwe na kikomo, mfano wanyama sita tu wa kwanza uliowapiga, na muda wako wa kuwinda uurekodi kwa video, konsoli zote za sasa zinarekodi zenyewe. Kwa sababu hamuangalii ukubwa wa pembe, aliyelea kundi hana faida kubwa, na anayefungua gemu kwa mara ya tatu bado yumo.

Pesa za kiingilio sizikubali. Hata elfu mbili mbili. Ikishaingia pesa refa anageuka hakimu, skrinishoti zinaanza kupimwa kama hati ya kiwanja, na yule mgeni aliyekuja kujifunza anaona aibu kupoteza. Kama kuna mwenye uwezo anataka kutoa vocha au kumnunulia mshindi mapu mpya, atoe mwenyewe kwa hiari na atangaze mapema. Zawadi inayofanya kazi kuliko zote ni mshindi kuchagua mapu na wanyama wa mechi ijayo, na aliyeshika mkia kuchagua silaha, hapo wote wawili wana sababu ya kurudi.

Na kuna wazazi au wake zetu watakaopita nyuma ya skrini waone mnyama anaanguka waulize. Hasa kwa Kenya ambako uwindaji wa burudani umepigwa marufuku tangu 1977, ni swali la haki. Mkalishe mweleze sheria yenu, mwonyeshe kwamba mnayemwadhibu ni anayejeruhi na kuacha, wengi wanaelewa na wengine wanaomba kushika wao.

Matokeo yatoke usiku ule ule, refa ataje jina, pointi na mnyama mmoja wa kila mtu aliyepigwa vizuri, hata wa mwisho atajwe wa kwake. Tarehe ya mechi inayofuata itangazwe hapo hapo watu wakiwa bado kwenye sauti, na refa mpya ateuliwe, ili mwenyeji wa leo naye apate kuwinda.