Kupanga marudio ya somo kwa kufuata mwendo wa sinapsi

Tuchukue mzunguko wa damu moyoni, mada inayowatoa jasho watahiniwa wengi.

Soma kwa dakika 20, ukurasa mmoja au miwili tu. Funga kitabu, chora moyo kwenye karatasi tupu, uandike njia ya damu: vena kava, atiria ya kulia, ventrikali ya kulia, ateri ya mapafu, mapafu, vena ya mapafu, atiria ya kushoto, ventrikali ya kushoto, aota. Ukikwama usikimbilie kitabu, jitafutie kwanza. Kisha sahihisha papo hapo kwa kalamu nyekundu. Wengi huandika kwamba ateri ya mapafu hubeba damu yenye oksijeni nyingi, kwa mazoea ya ateri nyingine. Kosa hilo likiachwa, kila marudio yatalikomaza, maana sinapsi, yaani pale seli mbili za neva zinapopokezana ujumbe, haichagui kati ya jibu sahihi na lisilo sahihi.

Sasa liache somo hilo saa nzima. Sababu iko kwenye sinapsi hiyohiyo. Seli ya kwanza humwaga glutamati, kemikali inayobeba ujumbe. Kwenye seli ya pili kuna milango ya kuipokea, iitwayo vipokezi. Aina moja ni vipokezi vya NMDA, ambavyo kwa kawaida huzibwa na magnesiamu. Ujumbe ukija kwa nguvu na kwa mfululizo, magnesiamu hutoka, kalsiamu huingia, na vipokezi vya aina nyingine, vya AMPA, huongezeka: ujumbe uleule sasa unapokelewa kwa nguvu zaidi. Mwaka 1973 watafiti Tim Bliss na Terje Lømo walionyesha kwa sungura kwamba nguvu hiyo hudumu kwa saa nyingi. Ili idumu zaidi, seli hulazimika kutengeneza protini mpya, na kazi hiyo haifanyiki kwa dakika tano.

Katika vipande vya ubongo wa panya, msisimko wa pili uliotolewa baada ya dakika 10 haukuongeza kitu. Uliotolewa baada ya dakika 60 uliamsha sinapsi zilizokosa zamu ya kwanza. Panya si mtahiniwa, lakini anayesoma ukurasa uleule mara tano mfululizo anapiga hodi kwenye nyumba ambayo fundi bado yumo kazini.

Baada ya saa hiyo, chora tena bila kutazama. Lala, kukesha hudhoofisha hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohifadhi kumbukumbu mpya, na kesho yake hata mada mpya haishiki vizuri. Asubuhi chora mara ya tatu.

Kuanzia hapo angalia tarehe ya mtihani. Ukiwa wiki ijayo, rudia kila baada ya siku moja au mbili. Ukiwa mwezi ujao, pengo la wiki hivi linafaa. Kupigia mistari kwa kalamu ya rangi hakuhesabiwi kuwa marudio: jicho linautambua ukurasa, kumbukumbu haijatafutwa. Ukikosa sehemu mbili au zaidi kwenye mchoro, punguza pengo linalofuata kwa nusu.