London hadi Dar: saa kumi za hewani, na tiketi mbili zinazokwamisha watu Nairobi

Tangu British Airways ilipoacha njia hiyo mwaka 2013, safari ya London–Dar es Salaam lazima ishukie mahali: Nairobi, Addis Ababa, Doha, Dubai au Istanbul. Kwa mstari wa anga ni kama kilomita 7,500. London–Nairobi ni takriban 6,840, saa nane na nusu hewani. Nairobi–Dar ni kama 670, saa moja na ushee. Ukijumlisha unapata saa kumi hivi, na hesabu hiyo ndiyo inayoponza watu.

Mtego ni tiketi mbili. Umeona London–Nairobi kwa bei poa, mdogo wako yuko Dar anasema, "Dada, kipande cha mwisho nitakukatia huku, rahisi tu." Ahsante mdogo wangu, lakini usikate. Mashirika mawili yenye buking mbili hayajuani. Ndege ya kwanza ikichelewa, la pili linaandika kwamba hukutokea, na nauli imeliwa.

Tena kwa tiketi mbili Nairobi hupiti, unaingia Kenya: foleni ya uhamiaji, kusubiri mabegi, forodha, kisha kaunta upya. Mwenye pasipoti ya Tanzania hana shida. Mwenye ya Uingereza asipokuwa na eTA ya Kenya, kibali cha kuingia kinachoombwa mtandaoni, huishia Heathrow. Kilo nazo: mabegi mawili ya 23 yaliyokubaliwa London, kipande cha Dar kinaweza kukubali moja, la pili ukalilipia pale pale.

Kama umeshakata, acha nafasi ya saa tano baina ya ndege. Usijiongezee hadi kulala Nairobi bila kadi ya homa ya manjano. Tanzania huidai kwa anayetoka nchi yenye ugonjwa huo, hata aliyepita uwanjani tu zaidi ya saa 12, na Kenya na Ethiopia zimo. Chanjo huhesabiwa baada ya siku 10, kwa hiyo ya juzi haikusaidii. Ukishapita uhamiaji, hata kwa saa nne, afisa wa Dar anaweza kukuhesabu umetoka Kenya. Beba kadi.

Narudia: buking moja, mpaka Dar. Ukikabidhi begi London, soma kikaratasi kinachofungwa kwenye mpini wake. Kiandikwe DAR. Kikiandikwa NBO peke yake, yaani Nairobi, uliza kabla halijaondoka kwenye mkanda.

Faida nyingine ya buking moja ni fidia. Ndege ikiondokea Uingereza, umbali huhesabiwa hadi kituo cha mwisho cha buking. Zaidi ya kilomita 3,500, ukifika umechelewa saa nne au zaidi kwa kosa la shirika, ni pauni 520 kwa kila abiria. Kati ya saa tatu na nne ni nusu yake. Hali mbaya ya hewa haimo. Uingereza ni nchi ya fomu: haki yako ipo, imeandikwa vizuri, na hakuna atakayekuletea. Watu wetu hunyamaza kwa adabu, shirika linashukuru.

Wa kukupokea watumie saa ya Dar na tarehe ya kufika, siyo ya kuondoka. Tofauti ni saa tatu majira ya baridi, mbili kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi ile ya mwisho ya Oktoba. Unaondoka Jumamosi usiku, unafika Jumapili. Shangazi akiwahi uwanjani Jumamosi, teksi ni juu yako.