Ratiba ya picha kwa mtoto mwenye usonji: ianze nyumbani, ifike darasani

Nafundisha elimu maalum hapa Kenya. Mzazi akishaambiwa mtoto ana usonji (autism), mara nyingi swali lake la kwanza ni dawa. Usonji hauna dawa ya kuuponya, lakini kuna kazi unayoweza kuianza leo jioni kwa simu, katoni na selotepu: ratiba ya picha, yaani picha za shughuli zake zilizopangwa kwa mfuatano. Watoto wengi wenye usonji hushika wanachokiona kuliko wanachokisikia. Neno likishatamkwa limepita, ila picha inabaki pale pale airudie. Ratiba hii humfaa pia mtoto asiyetulia, anayesahau alichotumwa kabla hajafika mlangoni.

Hatua ya 1. Chagua kipindi kimoja tu cha siku chenye vurugu, usipange siku nzima. Kwa wengi ni asubuhi. Andika kwa mfuatano: choo, kunawa, sare, uji, mkoba.

Hatua ya 2. Piga picha vitu vyenyewe: kikombe chake, sare yake, choo chenu. Mchoro wa kikombe kisichofanana na chake huenda usimwambie kitu. Ikiwa hata picha hazimwingii, tumia vitu: kijiko kwa maana ya kula, soksi kwa maana ya kuvaa. Chapisha, bandika kwenye katoni, funika kwa selotepu pana zisilowe. Zitundike kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, usawa wa macho yake.

Hatua ya 3. Anza na picha mbili: kwanza, halafu. Kwanza kunawa, halafu uji. Gusa picha, sema "Kwanza kunawa", kisha nyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu. Tukiona mtoto hajibu tunarudia, tunaeleza, tunapandisha sauti, naye bado anashughulika na lile neno la kwanza. Hesabu kimoyomoyo hadi kumi kabla ya kurudia. Akimaliza, aitoe picha mwenyewe na kuitia kwenye bahasha, aone kwamba shughuli imeisha. Na ile "halafu" aipate hata kama alilia akinawa. Ukimnyima, hana sababu ya kuiamini ratiba kesho.

Hatua ya 4. Ongeza picha moja moja kadiri anavyozoea. Tengeneza pia kadi ya mabadiliko, kwa mfano pembetatu nyekundu, ya kuwekwa juu ya picha mambo yanapobadilika. Mara ya kwanza itumie kwa mabadiliko mazuri, labda mandazi badala ya mkate. Ukiitoa tu siku ya habari mbaya, ataiogopa.

Hatua ya 5. Peleka shuleni seti ya pili ya picha zilezile, kisha ongeza za huko: kengele, gwaride, foleni ya chakula, choo cha shule. Mwandikie mwalimu maelezo yasiyozidi ukurasa mmoja: kinachomtuliza, kinachomtibua, na namna anavyoonyesha kuwa anataka choo. Mwalimu mwenye darasa lililojaa hana nafasi ya kusoma faili. Omba akalishwe mbali na mlango, na aonyeshwe picha ya kengele kabla haijalia.

Hatua ya 6. Nenda EARC, kituo cha tathmini kilicho chini ya Wizara ya Elimu. Vituo hivi vilianza 1984, na ofisi ya elimu ya kaunti ndogo itakuelekeza kilicho karibu. KISE, yaani Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya iliyoko Kasarani, Nairobi, pia hufanya tathmini. Beba cheti cha kuzaliwa, kijitabu cha kliniki na zile picha zenu. Hakikisha amepimwa masikio, kwa sababu mtoto asiyesikia vizuri anaweza kuonekana haitiki kusudi. Ripoti ihifadhi vizuri: shule itaitumia kumwandalia mpango wake wa masomo.

Wakati mnasubiri zamu, Shirika la Afya Duniani lina mafunzo ya bure mtandaoni kwa walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9 wenye ucheleweshaji wa ukuaji, usonji ukiwemo. Yanafundisha kupitia mchezo na shughuli za kawaida za nyumbani. Yafuateni pamoja na bibi au dada anayeshinda na mtoto, maana ndiye atakayeshika hizo picha mchana.